Nanga ya Omo: Bahari Isiichukue, Mkono Uweze Kuiachia

Hotuba kwa manahodha na mabaharia wa vyombo vidogo vya tanga, Mkokotoni, Kaskazini Unguja

Bismillahir Rahmanir Rahim. Mheshimiwa sheha, wazee wangu manahodha, kina mama wa mwani, vijana wa mashua, wa dau na wa ngalawa, na ndugu zetu mliovuka kutoka Tumbatu asubuhi hii: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa vyombo kabla kusi haijashika. Jambo hilo lina milango mingi: majaketi ya kuokolea, simu, mafuta, taa za usiku, ngama, yaani matumbo ya vyombo, zinazovuja. Leo mniwie radhi, mlango wowote kati ya hiyo sitauingia. Nitasimama omo tu, yaani mbele ya chombo. Nataka tuzungumze nanga: inakaa wapi, inafungwa kwa kitu gani, inafungwa kwenye kitu gani, na ikitakiwa itatoka kwa haraka gani. Nimepita ufukweni tangu alfajiri nikiangalia omo za vyombo vyenu. Nimeona nanga zilizofungwa vizuri, nimefurahi sana. Nimeona pia nanga zilizolazwa tu juu ya kamba zao, na nyingine zimezungushiwa tyubu ya baiskeli. Hizo zimenitia hofu, kwa hiyo nitasema bila kuficha.

Neno langu ni hili. Nanga iliyo safarini ifungwe hivi kwamba bahari isiweze kuichukua, hata chombo kikienda mrama kutwa nzima. Lakini mtu mmoja, usiku, mikono imelowa na imekufa ganzi, aweze kuiachia bila kutafuta kisu. Ukitimiza la kwanza ukasahau la pili, umejifunga mwenyewe. Ukitimiza la pili ukasahau la kwanza, umepakia nyundo omoni.

Tuangalie kwanza bahari inafanya nini. Mashua inayobisha kuelekea kusini wakati kusi imeshika haipiti juu ya maji tambarare. Omo inapanda wimbi, inabaki hewani kidogo, halafu inaanguka. Kila kilicho omoni kinaanguka pamoja nayo, na maji yanapoisimamisha omo ghafla, kile kitu kinataka kuendelea kushuka. Nanga ya kilo 10 ukiibeba mkononi ni kilo 10. Omoni, katika bahari ya namna hiyo, inaikandamiza mbao na kuivuta kamba yake kwa nguvu inayozidi sana uzito wake, kisha inalegea, kisha inavuta tena, kila baada ya sekunde chache. Fundo lililotosha bandarini linaanza kujifungua. Kamba iliyolegea upana wa kidole asubuhi, adhuhuri imelegea shibiri. Ikishafika shibiri, hapo nanga haikufungwa tena, inapigapiga.

Niliwahi kuuangalia kwa karibu ubao wa mashua iliyofika pwani na ngama imejaa maji. Ulikuwa ubao wa pili kutoka juu, upande wa kulia wa omo. Tundu halikuwa kubwa, kidole gumba changu kiliingia kikazunguka. Lakini kandokando ya tundu palikuwa na makovu mengi ya mapigo yaliyotangulia. Yale ya mwanzo yalikuwa mepesi, yameacha alama ya kutu tu juu ya sifa, yale mafuta ya samaki, iliyopakwa. Yaliyofuata yamechimba. Ya mwisho yamepasua nyuzi za mbao, na mbao ndani bado mbichi. Nanga ile haikuutoboa ubao kwa pigo moja. Iligonga muda mrefu, na hakuna aliyesikia, kwa sababu watu wote walikuwa tezi, nyuma ya chombo, na injini inanguruma. Wote walifika salama, alhamdulillahi, wakifua maji kwa ndoo kwa zamu. Yule aliyekuwa na jukumu la omo alikuwa kijana mdogo, wala hakuwahi kuonyeshwa. Kwa sababu yake yeye na wenzake ndiyo nimekubali kusimama hapa.

Madhara ya pili ni nanga kutoka nje ya chombo. Hapa inategemea uko wapi. Kwenye mkondo wa kati ya Pemba na bara, maji yanapita mita 700 kwenda chini. Nanga ikitoka huko haina pa kushika. Inaning'inia wima chini ya omo na amari yake yote, yaani kamba yake ya kutilia, chombo kinakuwa kizito mbele, hakijibu usukani, na kila wimbi linaisaga amari kwenye ubao wa ukingo. Kuivuta ndani upya katika hali hiyo ni kazi ya watu wawili wenye nguvu, na hao wawili lazima wasimame omo, mahali pabaya kuliko pote kwa wakati huo. Kwenye maji ya kina kifupi, huku kwetu kati ya Unguja na bara, hali inageuka: nanga inashika, na inashika ukiwa umejaza tanga. Omo inavutwa ghafla kuelekea upepo. Ninyi mnalijua tanga letu la pembe tatu. Upepo ukiliingia upande usio wake linajibandika kwenye mlingoti, foromali, mti unaobeba tanga, inayumba, na chombo kinaweza kulala. Watu wangapi hapa wanasafiri na watoto?

Sasa tufike kwenye kufunga, na hapa nitakaa sana.

Kabla ya kamba, tutazame kitu kinachofungiwa. Nimeona leo nanga imefungwa kwa kamba nzuri, mpya, imara, halafu kamba hiyo imefungwa kwenye msumari. Wazee wamesema kamba hukatikia pembamba, na hapo pembamba ni ule msumari. Nanga ifungwe kwenye mbao iliyo sehemu ya mwili wa chombo: kiguzo ambacho mguu wake umeshuka hadi kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo, au umebanwa kati ya mataruma, mbavu zake, ama boriti nene inayokwenda upande hadi upande pale omoni. Ubao wa ukingo haufai. Pete iliyotiwa kwa skrubu haifai. Wenye boti za faiba mnisikilize zaidi, kwa sababu faiba inaonekana ngumu huku ni nyembamba. Kifaa chochote cha kufungia kiwekwe kwa bolti inayopita mpaka chini, na kule chini kabla ya nati kuwe na bamba la chuma au kipande cha mninga chenye upana wa kiganja, ili nguvu itawanyike. Bila hilo, siku ya mvuto mkubwa bolti inachomoka na kipande cha sitaha.

Kupima ni rahisi. Kaa omoni, tia miguu kwenye ukingo, kamata kiguzo kwa mikono miwili, vuta kwa nguvu zako zote, kisha sukuma. Kikicheza hata kidogo, kisubiri fundi. Usikikaze kwa kabari na rangi ukasema kesho.

Baada ya hapo, nanga ilazwe. Watu wengi wanaipa kamba kazi zote: izuie nanga kuinuka, izuie kuteleza mbele, izuie kwenda kulia na kushoto. Kamba haiwezi. Kazi ya kuzuia kuteleza ni ya mbao. Mchongee nanga yako vitanda viwili vya mbao ngumu, kimoja pale mti wake, ule uti mrefu wa katikati, unapolala, kimoja pale vidole vinapoanzia, vipigiliwe kwenye boriti, vichimbwe kufuata umbo la nanga hiyo hiyo, si nanga ya jirani. Juu ya vitanda tandika kipande cha tairi kuukuu au gunia lililokunjwa. Ukiilaza nanga bila kamba, ikae yenyewe, na ukiisukuma kwa mguu isisogee. Hapo sasa kamba ibaki na kazi moja tu, kuzuia isiinuke. Hiyo inaiweza.

Nanga zetu nyingi hapa ni za vidole vinne, zimechomelewa mitaani kwa nondo. Sina ugomvi nazo, zinashika vizuri kwenye mawe. Ila ni nanga ngumu kulaza, maana kila upande kuna kidole. Zigeuze vidole viwili viingie kwenye kitanda na viwili vielekee juu, na hivyo vya juu vivishwe kitu: kipande cha mpira wa maji, kitambaa kinene, chochote. Hapo pana sababu ambayo watu wa tanga tu ndio wanaijua. Mguu wa foromali na kamba ya goshi, ya pembe ya mbele ya tanga, vinapita palepale. Unapogeuza tanga kwenda upande wa pili, kitambaa kikinasa kwenye kidole cha nanga, una tanga nusu huku nusu kule, na upepo haukusubiri. Nimewaona manahodha hodari wakihangaika na jambo hili kwa sababu ya sentimita kumi za nondo. Na kabla hujailaza, igonge nanga yako kwa nyundo pale pete ilipochomelewa. Chuma kizima kinalia sauti safi. Kikilia sauti butu, kirudishe kwa fundi wa kuchomelea.

Kamba ya kufungia iwe nailoni ya milimita 6 au 8, urefu wa mita 3 hivi, na isiwe na kazi nyingine duniani. Ncha yake moja ifungwe kwa kudumu kwenye kile kiguzo, isitoke kamwe, ili usiku wa haraka usiitafute. Ifunge nanga mahali pawili. Pa kwanza ni kichwani, karibu na pete. Pa pili ni kwenye shina la vidole. Ukifunga kichwa peke yake, mkia unapiga. Ukifunga mkia peke yake, kichwa kinainuka na wimbi la kwanza linaloingia omoni.

Namna ya kufunga ni hii, na baadaye tutaifanya kwa mikono. Pitisha kamba juu ya mti wa nanga na chini ya boriti, mizunguko mitatu, kila mmoja umekaa kando ya mwenzake bila kupandana. Kisha, kabla hujafunga fundo lolote, ipitishe kamba katikati, kati ya nanga na boriti, uizungushe ile mizunguko mitatu kwa upande na kuibana. Hapo ndipo unapopata mkazo. Mtu mwenye mikono ya kawaida akibana hivyo mara mbili, nanga inaingia kitandani mwake na kutulia, hata ukiitikisa husikii kitu. Malizia kwa fundo la kitanzi, lile la kuvuta mkia likaachia. Mkia ubaki wa urefu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kisha uuchomeke chini ya mizunguko usijivute wenyewe kwa mguu wa mtu au kwa goshi. Usiongeze fundo jingine juu yake eti kwa usalama. Fundo la pili likilowa na kukazwa na chumvi halifunguki kwa kucha, na umeshapoteza nusu ya kazi yako.

Tyubu ya baiskeli naikataa. Najua inapatikana, najua ni bure, najua inakazika vizuri ufukweni. Lakini mpira unanyumbuka, na kunyumbuka ndiko kulikoanzisha lile tundu nililowaeleza. Kila omo inaposhuka, mpira unairuhusu nanga isogee kidogo, na jua likishaupasua unakatika bila kukuonya. Waya nao naukataa, kwa sababu ya usiku wa haraka. Zile kamba za plastiki za buluu na kijani zinateleza, fundo lake halina imani, na baada ya msimu mmoja wa jua unazivunja kwa mkono. Zitumieni kwa mwani.

Tuje kwenye amari yenyewe. Nanga inaweza kufungwa vizuri sana, halafu siku ya kuitumia ikaondoka na amari yote kwa sababu mwisho wa amari haukufungwa popote. Mwisho huo ufungwe chini ya mlingoti au kwenye taruma nene, na ufungwe kwa kipande cha kamba nyembamba kidogo kuliko amari, kirefu cha kutosha kufika juu ya sitaha. Sababu yake? Itakuja siku unapaswa kuiacha nanga baharini, imenasa, au chombo kingine kinakujia. Siku hiyo unakata pale juu kwa kisu, huteremki ngamani kuhangaika na fundo. Ukiwa na dumu tupu, lifunge kwenye amari kabla hujakata, kesho urudi uitafute.

Mwisho ule mwingine, wa petini, zungusha amari mara mbili ndani ya pete, ncha ipite ndani ya mizunguko yote miwili, kisha ipigwe fundo nyuma kwenye amari yenyewe, kisha ishonwe kwa uzi wa nyavu. Mkiwa na mnyororo kati ya kamba na nanga, na ninawasihi muwe nao, mita 5 za mnyororo wa milimita 8 ni kama kilo 7, zinailaza nanga chini na kuikinga kamba na mawe. Pale panapounganishwa kwa pingu ya chuma yenye pini ya kukaza, tieni waya laini kwenye tundu la pini. Pini isiyofungwa waya inajifungua yenyewe kwa mtikisiko. Huihisi, huioni, unavuta amari asubuhi inakuja nyepesi.

Watu wa pwani hii wamejua tangu zamani kwamba chombo kikubwa chochote, ukitaka kukiangamiza, kiguse kwenye amari. Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilipokuwa zimetia nanga Mombasa, watu wa mji hawakwenda kwa mizinga. Shajara ya safari ile ya Wareno inaeleza kwamba usiku wa manane walikuja watu wakaogelea kimyakimya hadi kwenye meli iliyoitwa Berrio, wakaanza kuikata amari. Walinzi waliona maji yakichezacheza wakadhani ni jodari. Walipotambua wakapiga kelele, na waogeleaji wakatoweka. Meli yenye mizinga na watu wenye silaha, roho yake yote ilikuwa kwenye kamba moja. Yetu sisi haikatwi na adui. Inakatwa na ukingo wa mbao, na chumvi, na mchanga ulioingia kwenye nyuzi, kidogo kidogo. Kwa hiyo pale amari inapopita omoni, mbao iwe imelainishwa, na amari ivishwe kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa au ngozi. Kila mwezi isogezwe kidogo, isisagike palepale.

Urefu wake msiuonee uchumi. Hapa kwetu bamvua, yaani wakati wa maji makubwa, inapandisha maji karibu mita 4. Ukitia nanga maji yamekupwa, kina ni mita 3, utajisifu kwamba amari ya mita 15 inatosha. Maji yakijaa kina ni mita 7, ongeza mita moja ya kimo cha omo, ni 8. Zidisha kwa 5 kwa hali nzuri: mita 40, kama pima 22. Kukiwa na upepo, zidisha kwa 7, utafika mita 56. Amari fupi inaivuta nanga kwenda juu, na nanga inayovutwa juu inang'oka. Amari ndefu inaivuta kulala, inazidi kuzama mchangani.

Sasa nina neno kwa watu wa ngalawa, na najua baadhi ya wazee hatutakubaliana. Mimi nasema nanga ya ngalawa isikae omo ukiwa safarini. Omo ya ngalawa ni nyembamba, haina mwili wa kubeba uzito. Kilo 8 pale mbele zinaifanya ichimbe maji badala ya kuyapanda, na mawimbi yakija kwa mbele unaona maji yanaingia kila mara. Ilaze chini ya mlingoti, ifungwe kwenye mti wa tengo, ule unaotokeza pembeni, kwa ile mizunguko mitatu, na amari ipite nje ya kila kitu mpaka omo, tayari. Ukikaribia mwamba au mlango wa bandari, mtu aihamishie mbele. Kwa mashua ndogo za chini ya mita 6 ninashauri hivyo hivyo kwa safari ya kuvuka kwenda Pemba. Uzito ulio katikati unatulia, uzito ulio ncha unaongeza kupanda na kushuka. Mashua kubwa zaidi ya hapo inaweza kubeba nanga yake omo bila tatizo.

Wale mnaoendesha boti za kisasa za wageni, nanga zenu ni za aina nyingine, na zina tabia zake. Ile yenye sura ya jembe la plau ilibuniwa mwaka 1933 na Mwingereza Geoffrey Taylor, mwanafizikia mkubwa aliyependa safari za mashua ya tanga. Ina bawaba kati ya mti na jembe, ndiyo maana chombo kikigeuka na mkondo haing'oki kirahisi. Lakini bawaba hiyo hiyo, nanga ikiwa omoni, inaliacha jembe lichezecheze hata mti ukiwa umefungwa, na inabana vidole vibaya sana. Ile ya mabapa mawili bapa, ya Mmarekani Richard Danforth, iliyotumika kwenye boti za kuteremshia askari katika Vita vya Pili vya Dunia, nayo mabapa yake yanafunguka na kufunga. Zote mbili zifungwe mahali pawili, kwa sababu ile ile. Na kama nanga yenu inakaa kwenye kigurudumu cha omo na kuna pini ya kuizuia, pini peke yake haitoshi, wala mnyororo uliokazwa kwenye mashine ya kuvutia hautoshi. Tieni kamba kutoka kwenye mti wa nanga hadi kwenye kiguzo.

Nimesema sana juu ya kufunga, nisimalize bila kuachia. Nanga iwe tayari kabla ya kuhitajika. Unapokaribia mwamba, unapoingia mlango wa bandari, upepo unapokatika na mkondo unakupeleka usikotaka, hapo hapo fungua kile kifungo cha pili cha kwenye vidole, na ubakishe cha kichwani chenye kitanzi. Amari iwe imekusanywa kwenye kapu au ndoo pana, kuanzia mwisho wake chini hadi wa petini juu, ili ikitoka itoke bila kujifunga. Nyosha mkono, vuta mkia, nyanyua, teremsha.

Nasema teremsha. Vijana wanapenda kuirusha nanga, inapendeza kwa wageni wanaopiga picha. Nanga inayorushwa inatua juu ya amari yake na kujizonga, na mrushaji anapoteza mwelekeo wa miguu yake. Ishushe mpaka iguse chini, acha chombo kirudi nyuma kwa upepo, ndipo utoe amari polepole. Na miguu, wanangu, miguu. Msisimame ndani ya duara la kamba. Amari inayokimbia ikikukamata kifundo cha mguu haitakusubiri useme lolote. Kila nahodha aliyepo hapa, kabla hajaamuru nanga iteremshwe, aangalie kwanza miguu ya aliyeko omo. Hilo naliomba kwa moyo wangu wote.

Na nanga itoke omo, isitoke tezi. Mashua zetu zina tezi iliyokatwa bapa. Ukiikabili bahari kwa upande huo, wimbi halipasuliwi, linaingia. Kuhusu matumbawe nitasema machache tu kwa sababu mnalijua: mahali penye boya la kufungia, fungeni boyani. Chumbe imehifadhiwa tangu 1994 na Mafia tangu 1995, na nanga haziruhusiwi juu ya matumbawe yake. Hata pasipo na mlinzi, tafuteni mchanga. Matumbawe yanavunjika, na nanga inanasa. Ukilazimika kutia penye mawe, funga kamba nyembamba kwenye mgongo wa nanga, upande wa vidole, na chelezo, yaani kiboya, juu, ili uing'oe kwa kuivuta kinyume.

Nimemaliza maneno. Leo ni bamvua, maji yametoka mbali na vyombo vyote vimekaa mchangani, omo ziko wazi. Nawaomba tuteremke sote. Kila nahodha asimame kwenye chombo chake na mtu wake wa omo, afunge nanga, kisha yule mtu wa omo afumbe macho na kuiachia. Tutaanza na ngalawa zilizo upande wa mikoko, halafu dau, halafu mashua. Kamba za nailoni nimekuja nazo, zimekatwa mita tatu tatu, atakayekuta yake imechoka achukue. Fundi wa mbao yupo pale chini ya mkungu na msumeno na patasi, kwa watakaotaka vitanda vya nanga, alete kila mmoja nanga yake ichukuliwe kipimo. Wazee wameniambia maji yatarudi kuvifikia vyombo karibu na alasiri. Tuteremke.